Alama Zilitunzwa, Kazi Zikapotea: Miradi ya Sayansi ya Wanafunzi Katikati ya Jiji la Dar es Salaam

Mkoba wa kazi, kwa maana inayotumiwa na walimu na watunga mitaala nchini Tanzania, ni mkusanyiko uliopangwa wa kazi za mwanafunzi, kuanzia michoro ya mwanzo na vipimo vilivyokosewa hadi ripoti iliyokamilika, unaotunzwa ili maendeleo yake yaonekane hatua kwa hatua. Na unapohifadhiwa kwenye kompyuta au mtandaoni, pamoja na picha, video na majedwali ya takwimu, huitwa mkoba wa kidijitali. Mara nyingi huzungumzwa kana kwamba umeletwa na simu janja, ilhali swali unalolijibu ni la zamani: kazi ya sayansi ya mwanafunzi, ikishasahihishwa, huenda wapi? Kwa shule za Upanga, Kisutu, Jangwani na Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, jibu la nusu karne iliyopita ni la kusikitisha, kwa kuwa utaratibu uliowekwa ulihifadhi alama na kuiacha kazi yenyewe ipotee.

Utaratibu huo ulizaliwa kwa nia njema. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule iache kumpima kijana kwa kukariri peke yake. Nchi ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania kwa sheria ya mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likapinga mwanafunzi kuhukumiwa kwa mtihani mmoja wa mwisho. Kuanzia mwaka 1976 tathmini endelevu, yaani upimaji unaofanywa katika kipindi chote cha masomo kwa majaribio, mazoezi na miradi, ilipewa uzito wa nusu ya alama zote. Hata hivyo kilichopelekwa Baraza kilikuwa tarakimu kwenye fomu. Daftari la vipimo lilirudi nyumbani na mwenyewe, kifaa kilichoundwa kikabaki kabatini hadi maabara ilipohitaji nafasi, na karatasi za manila zilizobandikwa ukutani zikabanduliwa muhula ulipokwisha. Sera iliyoheshimu kazi ya mikono kuliko nyingine yoyote katika historia ya elimu ya Tanzania haikuitengea kazi hiyo hata rafu, na upungufu huo unastahili kutajwa waziwazi, kwa sababu ndio uliovifanya vizazi vya wanafunzi vianze upya majaribio yaliyokwisha kufanywa na waliowatangulia.

Hasara hiyo hupimika vizuri kwa kisa kimoja ambacho hakikupotea. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba wilayani Lushoto, Erasto Mpemba alitia mchanganyiko wa maziwa na sukari kwenye jokofu ungali moto, kisha akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, kabla ya kuhamia kilimani Ubungo. Osborne hakulicheka swali hilo, bali alirudi Dar es Salaam na jaribio likafanywa tena, na mwaka 1969 makala yenye majina ya wote wawili ilichapishwa katika jarida la Physics Education. Wanafizikia wangali wanabishana kuhusu matokeo hayo, na chanzo kikubwa cha ubishi ni kwamba majibu hubadilika kulingana na chombo, kiasi cha maji, jokofu na namna ya kupima. Mambo hayo ndiyo ambayo mkoba wa kazi uliotunzwa vizuri huyaandika, na ndiyo ambayo alama 68 kwa 100 haiwezi kuyaeleza.

Kariakoo inastahili nafasi yake katika historia hii, ingawa haitajwi katika mihtasari ya masomo. Eneo hilo, lililopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na ambalo soko lake kubwa lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, limekuwa ghala la maabara kwa shule zilizo umbali wa kutembea kwa miguu. Waya, mota ndogo zilizofumuliwa kwenye redio mbovu, betri, na siku hizi vipuri vya simu kutoka maduka ya mtaa wa Aggrey na Likoma, hupatikana huko, na mafundi wa Gerezani hukata bati au kuchomelea fremu kwa malipo ya maelewano. Ripoti ya mradi iliyoandikwa kwa ajili ya maksi huonyesha kifaa kilichokamilika tu. Bei ya vipuri, kipuri kilichoungua, na ushauri wa fundi aliyesema waya huo ni mwembamba mno havimo. Kwa maoni yanayotetewa hapa, hiyo ndiyo sehemu yenye elimu nyingi kuliko hitimisho, na picha moja iliyopigwa kwenye meza ya fundi, ikiwa na tarehe na maelezo ya mistari miwili, huihifadhi bila gharama kubwa.

Hatua ya kuonyesha kazi hadharani ilichukuliwa na mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2011 na Gozbert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry kwa kufuata mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza Dublin mwaka 1965. Maonyesho ya kwanza ya kitaifa yalifanyika mwaka 2012 katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga. Wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali walisimama mbele ya mabango yao wakihojiwa na majaji, na Karimjee Jivanjee Foundation ikawafadhili washindi masomo ya chuo kikuu. Hapo mwanafunzi wa Dar es Salaam aliweza kumuuliza mwenzake wa Mtwara alipimaje. Lakini maonyesho ni ya siku chache, na mabango yakishakunjwa, anayetafuta mradi wa miaka mitatu nyuma hutegemea kumbukumbu ya mwalimu.

Nyenzo za kuitunza kazi hiyo, hata hivyo, zimekuwa zikiongezeka. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, mtaala unaojengwa juu ya umahiri ulikuwa umeingia sekondari tangu 2005, na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kazi nyingi zilipita kwenye simu za wazazi. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umesisitiza zaidi upimaji wa umahiri. Mfumo wa Baraza la Mitihani uitwao PReM nao humpa kila mwanafunzi namba inayomfuata tangu shule ya msingi. Mfumo huo, kama fomu za mwaka 1976, hubeba taarifa za mwanafunzi pasipo kazi yake.

Mambo mawili ya kisheria yanaamua namna mkoba unavyoweza kufunguliwa kwa wengine. Kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawagusa wanafunzi wengi wa shule hizi kwa kuwa ni watoto, hivyo sura, jina kamili na shule ya mwanafunzi havipaswi kuwekwa wazi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, wakati vipimo na michoro vinaweza kusomwa na yeyote bila kumtaja mtoto. Pili, uvumbuzi unaotangazwa hadharani kabla ya ombi la hataza kufikishwa BRELA, wakala unaosajili hataza Tanzania Bara, unaweza kupoteza sifa ya kuwa mpya, na kwa hiyo kifaa chenye matumaini ya soko huwekwa kwenye sehemu ya mkoba inayoonwa na mwalimu na majaji tu hadi ombi lipokelewe. Linalobaki ni nani anashika nenosiri mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne: akaunti ikiwa ni ya shule pekee, kazi humponyoka mwenyewe kama daftari la zamani lilivyoponyoka, na ikiwa ni yake pekee, wanaofuata kwenye maabara ileile hawatakuwa na pa kuanzia, kwa hiyo nakala mbili zinahitajika, moja ya mwanafunzi na nyingine ya shule yenye vipimo bila majina.