Wavulana wa Barabara ya Stratford

Mtu anayetoka katikati ya Birmingham kwenda Sparkhill kwa barabara ya Stratford hupita kwanza Camp Hill, na hapo ndipo lilipo jengo kubwa la matofali linaloitwa Bordesley Centre. Leo ni makao ya Muath Trust, taasisi iliyoasisiwa na Waislamu wenye asili ya Yemen. Waliolijenga walikuwa na shabaha nyingine. Mwaka 1883 zilifunguliwa hapo shule mbili kwa mpigo, moja ya wavulana na moja ya wasichana, zote chini ya wakfu wa elimu uliotolewa kwa jina la Mfalme Edward VI mwaka 1552. Kaka na dada waliweza kutoka nyumba moja asubuhi, wakatembea njia moja hadi eneo lile lile, kisha wasionane tena hadi jioni.

Wakati huo Sparkhill yenyewe haikuwa Birmingham. Ilikuwa sehemu ya Yardley, mkoa wa Worcestershire, na ilibaki huko hadi jiji lilipoimeza mwaka 1911. Safu za nyumba zilikuwa zikiota kandokando ya barabara, na watoto walikuwa wengi.

Wengi wao hawakuiona Camp Hill isipokuwa kwa nje. Shule zao zilikuwa zile za msingi zilizotokana na sheria ya elimu ya 1870, na mojawapo iliyo nzuri kwa macho ilijengwa kwenye barabara hiyo hiyo mwaka 1885 na wasanifu Martin na Chamberlain. Leo inaitwa Ladypool, na mnara wake mwembamba uling'olewa na kimbunga cha tarehe 28 Julai 2005. Shule za namna hii zilikuwa na vitengo vitatu, wavulana, wasichana na watoto wadogo, na kwa kawaida kila kitengo kilikuwa na mlango wake. Wasichana walifundishwa kushona. Wavulana, saa hiyo hiyo, walichora au waliongezewa hesabu. Mvulana hakutenganishwa na dada yake kwa sababu kuna aliyekuwa amepima akaona atajifunza vizuri zaidi. Alitenganishwa kwa sababu kazi zao za utu uzima zilikuwa zimeshapangwa kabla hawajajua kusoma. Hili lisisahauliwe kila inapotajwa mila njema ya zamani: milango miwili ile ilijengwa kwa ajili ya kugawa kazi.

Manufaa ya kutenganishwa huko yalikuja baadaye, na yalikuja kutoka upande ambao wajenzi hawakuutazamia.

Mwaka 1900 mtoto mmoja aliyeishi Sarehole, kijiji kilichokuwa jirani na Sparkhill upande wa kusini, alianza kusoma katika shule mama ya wakfu ule, King Edward's, iliyokuwa New Street mjini. Mama yake alikuwa mjane, nauli ya treni ilikuwa mzigo, na mwanzoni mtoto alikwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kama maili nne. Jina lake lilikuwa J.R.R. Tolkien. Katika miaka yake ya mwisho pale, yeye na wenzake walianzisha kikundi chao cha kunywa chai kwa siri maktabani, wakisomeana mashairi na kubishana juu ya lugha za kale. Wawili kati ya marafiki wanne wa karibu kabisa, Rob Gilson na G.B. Smith, waliuawa vitani mwaka 1916, na Tolkien alibeba urafiki huo maisha yake yote. Katika shule ya wavulana peke yao, hakuna mwingine wa kuachiwa mashairi. Ama wavulana wayasome wao, ama yasisomwe.

Mfano wa karibu zaidi na Sparkhill ni shule ya Moseley, upande wa Wake Green Road. Jengo lake lilikamilika mwaka 1857 kwa ajili ya Spring Hill College, chuo cha wachungaji wa madhehebu ya Congregational, ambacho mwaka 1886 kilihamia Oxford kikawa Mansfield College. Mwaka 1923 likafunguliwa tena kama shule ya sekondari ya wavulana. Watoto wa mafundi na makarani waliofaulu mtihani wa kuingia walijikuta wakisomea chini ya mapaa yaliyojengwa kwa ajili ya wanateolojia. Mchekeshaji Jasper Carrott na Bev Bevan, mpiga ngoma wa Electric Light Orchestra, walikuwa wanafunzi pamoja pale. Katika miaka ya 1970, sera ya elimu ilipokuwa imegeuka na mtihani wa kuchuja ukawa unaachwa sehemu nyingi za Uingereza, shule hiyo iliunganishwa na jirani yake ikawa shule ya wote. Wavulana wa Camp Hill walikwisha kuhama tangu 1956 kwenda Kings Heath, na wasichana wakawafuata mwaka 1958.

Basi Waingereza walikuwa wakiziacha shule za wavulana karibu na Sparkhill wakati ule ule ambapo familia kutoka Afrika Mashariki zilikuwa zinafika Birmingham zikiwa na kumbukumbu nzuri za shule kama hizo. Wahindi wa Kenya walikimbilia Uingereza kwa wingi mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968, kabla mlango haujabanwa na sheria ya Machi mwaka huo. Baada ya amri ya Idi Amin ya Agosti 1972 wakaja wa Uganda, takriban 27,000 nchi nzima. Baba aliyesoma Allidina Visram, Mombasa, au shule ya Nairobi ambayo sasa ni Jamhuri High, hakuhitaji kuelezwa shule ya wavulana ni nini. Wasomali waliofuata katika miaka ya 1990 na 2000 walikuja na matarajio yao pia, ya dini na ya adabu.

Kumbukumbu hizo hazikuwa za bure. Shule ya wavulana ya Tabora, Tanganyika, ilianza katika miaka ya 1920 kwa wana wa machifu, na Julius Nyerere, aliyeingia mwaka 1937, alijinoa pale katika midahalo. Shule ya Alliance huko Kikuyu, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilikuwa mikononi mwa Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge, kuanzia 1940 hadi 1962. Kila mwaka ilipandisha jukwaani tamthilia ya Shakespeare, na hata malkia na mabinti waliigizwa na wavulana. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi pale kati ya 1955 na 1958. Mtoto wa mkulima anayekariri maneno ya binti wa mfalme mbele ya shule nzima, bila mtu kumcheka, amepewa kitu ambacho shule nyingi za mchanganyiko hushindwa kumpa. Sifa hizo zina upande wa pili: zilikuwa shule chache mno kwa nchi nzima, zikichagua kutoka maelfu, na wasichana walingoja miaka mingi kupata zilizolingana nazo. Ubora wa aliyechaguliwa ni rahisi kuusifia kama ubora wa shule.

Ndiyo maana takwimu za Waingereza wenyewe zina thamani hapa. Watafiti Alice Sullivan, Heather Joshi na Diana Leonard walifuata maisha ya watu waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958, yaani rika lililoingia sekondari karibu na 1969, shule za wavulana zilipokuwa zikiunganishwa. Walipopima kwa kuzingatia uwezo na hali ya nyumbani, waliona wasichana wa shule za wasichana walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya miaka 16. Kwa wavulana, tofauti ya alama haikuwepo. Kilichobadilika ni masomo: waliosoma peke yao walielekea zaidi kwenye Kiingereza na lugha za kigeni. Na kulikuwa na gharama. Wanaume hao, walipofika miaka 42, walikuwa wameachana na wake zao mara nyingi kidogo kuliko wenzao wa shule za mchanganyiko. Huko Seoul, Korea Kusini, ambako tangu 1974 wanafunzi walipangiwa shule za sekondari ya juu kwa bahati nasibu, watafiti walikuta alama za wavulana wa shule za wavulana ziko juu zaidi. Jibu moja la dunia nzima halijapatikana.

Birmingham ndiyo iliyoipa sheria ya Uingereza neno lake muhimu kuhusu jambo hili. Al-Hijrah, shule ya Kiislamu ya mchanganyiko isiyo mbali na Sparkhill, ilipokea watoto wa miaka 4 hadi 16, lakini kuanzia darasa la tano, yaani umri wa miaka tisa, iliwatenga wavulana na wasichana katika masomo, mapumziko na safari. Ofsted, idara ya ukaguzi wa shule, iliikemea mwaka 2016. Mahakama Kuu ikaupa ushindi upande wa shule. Tarehe 13 Oktoba 2017 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi. Hoja ya majaji inawagusa wavulana moja kwa moja: kila mvulana, kama kila msichana, alinyimwa nafasi ya kujifunza na kuchangamana na nusu ya shule yake. Shule ya wavulana peke yao inaruhusiwa na sheria ya usawa ya 2010. Kinachokatazwa ni kuwaweka wote ndani ya ua mmoja kisha kuwajengea ukuta.

Wazazi wa Sparkhill wamebaki na uchaguzi wa kweli, hasa wanapomwandaa mtoto kwa mtihani wa miaka 11 wa shule za King Edward. Siku ya kutembelea shule ya wavulana, matokeo ya mitihani hubandikwa ukutani kila mtu ayaone. Kwaya yao ina wangapi, ni wavulana wangapi wanaoendelea na fasihi na Kifaransa baada ya miaka 14, na ni lini wanakutana na wasichana kwa kazi ya maana kama mdahalo au muziki: hayo mzazi hana budi kuyauliza mwenyewe, kwa mwalimu mkuu, ana kwa ana.