Upepo (wa tairi)

upepo nm [u-] Hewa iliyoshindiliwa ndani ya tairi. Pia kanieneo ya hewa hiyo. Mafundi husema kujaza au kupima upepo. Kanieneo ni istilahi ya fizikia. Mfano: Tairi hili halina pancha, limepungua upepo tu.

Baadhi ya magari yana kihisio ndani ya gurudumu, na taa ya dashibodi huwaka upepo upunguapo. Mengine hulinganisha mizunguko, kwani tairi lililopungua huzunguka haraka kuliko mengine. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata joto, na laweza kupasuka. Gari lisilo na taa hiyo, litokapo Suguti kwenda Musoma, lipimwe kwa geji tairi likiwa baridi, jicho halitoshi.