Babu, Arnold na Pretoria

Kimya changu ni kazi tu, chumba cha habari kilinibana. Wiki jana nilichomoka kwenda nyumbani Ipelele, nikalala Makambako kwa mdogo wangu.

Dogo siku hizi ni baunsa, miraba minne. Nyuma ya chumba alichopanga ana jimu yake: makopo ya rangi yaliyojazwa zege, bomba la chuma na gia mbili za lori. Ukutani kabandika picha ya Arnold Schwarzenegger akitunisha misuli. Babu yetu, ambaye ujanani alikuwa kibarua wa kujenga reli ya TAZARA, aliitazama kwa muda, akauliza: "Huyu anabeba nini?"

"Habebi kitu, babu. Anaonyesha mwili."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Lakini swali lake si la kijinga. Mchezo huu ulizaliwa pale watu walipoacha kuuliza mtu anabeba nini. Eugen Sandow, Mjerumani aliyezaliwa 1867, alianza kwa kunyanyua vitu vizito mbele za watu, kisha ikaonekana watazamaji wanavutiwa na mwili wake kuliko uzito wenyewe. Tarehe 14 Septemba 1901 akaandaa shindano kubwa pale Royal Albert Hall, London. Miongoni mwa majaji alikuwamo Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa Sherlock Holmes. Mwaka 1965 Joe Weider akaanzisha Mr. Olympia huko Marekani, na Schwarzenegger akaja kulitwaa taji hilo mara saba.

Usiku ule dogo akaniwekea kwenye simu filamu anayoiabudu, Pumping Iron, ya mwaka 1977. Kilele chake ni Mr. Olympia ya Novemba 1975. Unajua ilifanyika wapi? Pretoria! Afrika Kusini ya makaburu, Mandela akiwa kifungoni Robben Island.

Nchi ile ilikuwa imeshafukuzwa kwenye Olimpiki tangu 1970. Hawa wa misuli wakaenda. Serge Nubret, mtu mweusi kutoka Guadeloupe, alipanda jukwaani na kushika nafasi ya pili nyuma ya Arnold kwenye uzito wa juu. Ndani ya ukumbi mweusi na mweupe walipimwa kwa jicho moja. Nje ya mlango, mweusi mwenyeji alikuwa akikutwa bila pasi anakamatwa.

Sasa turudi Makambako. Juni mwaka huohuo wa 1975, vibarua kama babu walikuwa wamemaliza kutandika reli, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia isiendelee kutegemea njia za kusini zilizoshikwa na walowezi. Mwaka 1976 Tanzania ikagomea Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand iliyokuwa imepeleka timu ya raga kwa makaburu iliachwa ishiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu 1974, akabaki nyumbani. Yule alikuwa na mwili wa kushinda medali, akaambiwa kuna jambo kubwa kuliko medali.

Nilimweleza dogo yote haya. Akanyamaza, kisha akasema: "Kaka, mimi napenda mikono yake tu."

Sikumlaumu. Miaka ile hatukuwa tumezaliwa, na mikono ile ni mikono kweli. Lakini asubuhi nilimwangalia babu akivua koti kunawa uso. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, anasema ni mataruma. Sijui jaji gani angelipa alama bega hilo, ila treni bado inapita juu ya kazi yake.

Picha nimeiacha ukutani. Ningekuwa mimi mwenye chumba, nadhani ningeibandua. Wewe mdau ungefanyaje?