Walioshika Msumeno: Picha za Kale za Kazi ya Mbao, kutoka Usambara hadi Uluguru

Picha nyingi za kazi ya mbao zilizopigwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, zimefanana kwa jambo moja: mwenye picha ni gogo. Limelala katikati na magome yake, na ubavuni pake amesimamishwa mtu mmoja ili mtazamaji wa Berlin au Hamburg akisie unene wake. Maelezo ya chini hutaja aina ya mti, mahali, pengine na kampuni. Mtu aliyefanywa rula hatajwi.

Ukizitazama picha hizi kwa wingi, maswali ambayo mpiga picha hakuyakusudia huanza kukujia. Nani aliuangusha mti huu? Alilipwa nini? Gogo lilishukaje mlimani? Na kwa nini ni mlima huu, si ule?

Swali hilo la mwisho linatugusa sisi wa Morogoro. Milima ya Uluguru inapanda nyuma ya mji hadi zaidi ya mita 2,600 pale Kimhandu, ikiwa na msitu wa mvua na miti ambayo mfanyabiashara yeyote wa mbao angeitamani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mjini Desemba 1907. Msitu ulikuwapo, reli ilikuwapo. Hata hivyo picha mashuhuri za mitambo, nyaya na magogo makubwa za zama zile zinatoka Usambara. Kuzielewa picha za Uluguru hakuna budi kuanzia huko.

Usambara ilikuwa na bahati mbaya ya kuwa karibu na Tanga. Reli ya kwanza ya koloni ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Makampuni yakafuata nyuma yake. Upande wa mashariki ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani, kilomita 20 na ushei za kona na madaraja, lengo lake kubwa likiwa ni kushusha mbao. Upande wa magharibi, juu ya Shume, kampuni ya Wilkins & Wiese iliutaka msitu wa mtarakwa. Mti huu una mbao laini, nyekundu, zenye harufu nzuri na nyuzi zilizonyooka, na Ulaya ya wakati ule iliuhitaji kwa kutengenezea penseli. Shida ilikuwa namna ya kuushusha, kwa sababu kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara ni zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, na sehemu nyingine ni genge tupu.

Jibu lilitoka Leipzig. Kampuni ya Adolf Bleichert, iliyojulikana dunia nzima kwa njia za kamba, ilitandaza nyaya za chuma juu ya minara kutoka kituo kilichoitwa Neu-Hornow hadi Mkumbara, magogo yakawa yanashuka yakining'inia juu ya mabonde. Picha za njia hiyo ya kamba ni kati ya zinazosambaa zaidi za koloni lile, na mtu anaelewa kwa nini: waya umekatiza anga, bonde limefunguka chini, na gogo linaelea hewani. Ni picha zilizopigwa ili kusifu uhandisi, na uhandisi kweli ulikuwa wa kusifiwa. Lakini minara ile haikujipandisha mlimani. Kila chuma kilichukuliwa na watu, na watu hao walipatikana kwa njia ambazo picha hazionyeshi. Kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka, ilikuwa imeanza kutozwa mwaka 1898. Kisha katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, utawala ulileta kadi za kazi mwaka 1907: mwanamume alitakiwa kutimiza siku 30 za kazi kwa Mzungu ndani ya miezi 4, la sivyo achukuliwe kwa kazi za serikali. Mtu aliyesimama kando ya gogo pengine alikuwa na kadi hiyo mfukoni, kama alikuwa na mfuko.

Hapa inafaa kuvuka bahari kidogo. Miaka hiyohiyo, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mpiga picha Darius Kinsey alikuwa akizunguka kambi za wakata miti na kamera kubwa za vioo, huku mkewe Tabitha akisafisha picha nyumbani. Miti ya kule ilikuwa minene hata wanaume kadhaa waliweza kujilaza ndani ya pengo lililochongwa na shoka. Katika picha za Kinsey nyuso zinaonekana wazi, watu wamepanga mikono kifuani, wanaitazama kamera kama wenye haki ya kutazamwa. Hilo halikutokana na ukarimu wake peke yake. Wateja wake walikuwa wakata miti wenyewe. Alipiga leo, akawauzia nakala baadaye, nao wakazipeleka kwa mama zao. Asiyeonekana uso asingenunua.

Kwetu mteja alikuwa mwingine. Walther Dobbertin, aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam, na C. Vincenti wa mji huohuo aliyeuza kadi za posta, walipiga picha kwa ajili ya walowezi, maofisa na wasomaji wa Ujerumani. Mchukuzi wa mbao hakuwa mnunuzi. Kwa maoni yangu tofauti hii ya biashara inaeleza ukimya wa picha zetu kuliko maelezo yoyote kuhusu ustadi wa kamera. Dobbertin alikuwa fundi hodari, na baadhi ya kazi zake ni nzuri mno. Ila aliyelipa ndiye aliyeamua nani atajwe.

Turudi Morogoro. Reli ya Kati ilijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann kuanzia mwaka 1905, na jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba mataruma yake yalikuwa ya chuma. Mchwa wa nchi hii waliwashinda wahandisi kabla hawajaanza. Kwa hiyo yeyote anayedhani reli iliila misitu kwa ajili ya mataruma amekosea mahali. Iliila kwa njia ya moto. Injini zilichoma kuni, na kuni hizo zilikatwa kando ya njia, zikapangwa matita kwa matita kwenye vituo. Misitu ya nyanda za chini kati ya Dar es Salaam na Morogoro ndiyo iliyobeba mzigo huo, mwaka baada ya mwaka, chini ya Wajerumani na hata baada yao. Ukiona picha ya stesheni ya zamani, tazama nyuma ya abiria na maofisa. Rundo la kuni likiwapo, hiyo nayo ni picha ya ukataji miti.

Mbao za kujengea nazo zilitafutwa zaidi kwenye tambarare na vilima vya chini: mninga, mvule, mkangazi, na mpingo kwa kazi ndogondogo za thamani. Ufundi wa useremala ulikuwa umeshakita mizizi Bagamoyo katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ukapanda bara pamoja na vituo vyao: Mhonda 1877, Morogoro 1882, Matombo 1897. Makanisa yanahitaji kenchi, milango, viti na meza. Chombo cha kazi hiyo mahali pasipo na mtambo kilikuwa msumeno wa watu wawili, na kwa kuwa kazi yake imeendelea katika milima yetu muda mrefu kuliko njia yoyote ya kamba, ningependa isimuliwe hatua kwa hatua.

Mti ukishaangushwa kwa shoka haukupelekwa kiwandani. Kiwanda ndicho kilichoufuata mti. Wachanaji walichimba shimo refu lenye kina cha kumtosha mtu kusimama, au penye mteremko wakajenga jukwaa la nguzo. Gogo lilikatwa kwa urefu uliotakiwa, likabingirishwa hadi juu ya shimo, likatiwa kabari lisigeuke. Uzi uliopakwa masizi ukavutwa kutoka ncha hadi ncha, ukanyanyuliwa katikati na kuachiwa ghafla, ukaacha mstari mweusi ulionyooka. Mmoja akapanda juu ya gogo, mwenzake akaingia shimoni. Wa juu ndiye aliyefuata mstari na kuupandisha msumeno. Wa chini aliuvuta, na kwa vile meno hukata wakati wa kushuka, nguvu kubwa ilikuwa yake. Unga wa mbao ulimmwagikia machoni, puani na shingoni mchana kutwa. Walipopumzika hawakupumzika kweli, kwani ndiyo ilikuwa saa ya kunoa kwa tupa, jino baada ya jino, na kuyapinda kidogo, moja kushoto moja kulia, ili msumeno usibanwe na mbao mbichi. Ubao ukitoka, ulishuka mlimani begani au kichwani mwa mtu.

Kazi hii ni ngumu kuipiga picha. Ndani ya msitu mnene mwanga ni hafifu, na vioo vya kamera za wakati ule vilihitaji muda kupokea mwanga huo. Mkono unaokwenda juu na chini ungetoka ukungu mtupu. Kwa hiyo mpiga picha aliwaambia watu wasimame tuli na msumeno mikononi. Tunachokiona leo kama kazi aghalabu ni watu waliosimamishwa waonekane wanafanya kazi.

Sasa, kwa nini msitu wa juu wa Uluguru haukupata Neu-Hornow yake? Ugumu wa miteremko ni sehemu ya jibu, lakini jibu kubwa zaidi ni maji. Mito ya Mgeta, Morogoro na Ngerengere inaanzia huku, na yote huishia kuingia Ruvu, mto unaoshuka hadi pwani. Mtafiti Mjerumani Franz Stuhlmann alizunguka milima hii mwaka 1894 na kuacha maelezo marefu ya mimea na mashamba yake. Mwenzake wa Kijerumani, Walter Goetze, akakusanya mimea hapa mwaka 1898. Sheria ya kuhifadhi misitu ya koloni ilitoka mwaka 1904, na mwaka 1909, ili kulinda maji hayo, misitu ya juu ya Uluguru ikatengwa kuwa hifadhi. Mipaka ikachorwa, na shoka la mwananchi likawa kosa juu ya mstari huo.

Sipendi simulizi zinazosema Wajerumani waliuokoa msitu wa Uluguru. Msitu waliokuta ulikuwa na wenyewe. Ardhi ya Waluguru iligawanywa kwa koo zinazofuata upande wa mama, vichaka vya makaburi na matambiko havikukatwa ovyo, na pango la Kolelo liliheshimiwa na watu waliotoka mbali hadi Uzaramo kuomba mvua na mavuno. Hifadhi ya 1909 iliyalinda maji, ndiyo, na leo mji wa Dar es Salaam unayanywa. Lakini iliwabana wakulima kati ya mstari wa msitu juu na mashamba ya walowezi chini, na ubanaji huo ulikuwa na deni. Waingereza walipokuja na mpango wao wa kulazimisha watu kuchimba matuta, hasira za miaka mingi zilipasuka Matombo mnamo Julai 1955, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukaachwa.

Kati ya 1909 na 1955 kuna mwaka ambao picha za Morogoro haziwezi kuukwepa: 1916. Majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini chini ya Jenerali Smuts yaliingia mjini mwishoni mwa Agosti, yakakuta Wajerumani wamevunja madaraja ya reli nyuma yao. Kujenga upya kwa chuma kungechukua miezi. Basi madaraja yakatengenezwa kwa vifaa vilivyopatikana papo hapo, na kwa kuwa hayangebeba injini nzito, malori yakafungwa magurudumu ya reli yakawa yanavuta mizigo kati ya Dodoma na Morogoro. Hayo yote yalifanyika huku maelfu ya wachukuzi wakipita kwa miguu kuelekea Kisaki.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Waingereza waliunda Idara ya Misitu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mti wa mtiki, uliokwisha kupandwa nchini tangu mwaka 1898, ulipewa shamba kubwa Mtibwa, Turiani, kuanzia 1961. Masomo ya misitu ya chuo kikuu yalianza Morogoro mwaka 1973, katika chuo ambacho tangu 1984 ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Msitu wa juu wa Uluguru ukapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008.

Picha zenyewe hazikukaa kwetu. Kazi za Dobbertin ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, na nyingi sasa zinaonekana mtandaoni bila malipo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina picha za kikoloni zipatazo 55,000. Ukizifungua, usianzie kwenye gogo. Tazama miguu, kama ina viatu au haina. Tazama aliyevaa kanzu safi pembeni: huenda ndiye nyapara. Tazama shoka, tupa, kamba, na watoto waliojipenyeza ukingoni mwa picha bila kualikwa.

Nina ombi kwa makumbusho, shule na halmashauri za mkoa wetu: picha hizi zichapishwe kwa ukubwa, zitundikwe Mgeta, Matombo, Kinole na Turiani, na wazee waulizwe wanaona nini. Wanaojua kazi ya shimo na msumeno wataeleza vitu ambavyo hakuna mhifadhi wa Frankfurt anayeweza kuvieleza. Na kwako msomaji: kama nyumbani kwenu kuna picha ya babu akiwa na shoka, au ya mjomba aliyefanya kazi kwenye mashine ya mbao, igeuze leo. Andika nyuma yake jina, kijiji na kazi aliyofanya. Tumia penseli laini, kwa sababu wino hupenya na kuharibu uso wa picha.