Juu ya nini redio ya babu inakwaruza?

Kila mtu aliyekulia Butembo ao Beni anaijua ile sauti. Unageuza butoni ya posti ya zamani ili kuongeza sauti, na mbele ya muziki kutoka, inatoka kwanza khrr, khrr, khrr. Wengi wetu tunaipiga redio kofi, sauti inarudi, tunaendelea na kazi zetu. Leo naomba tuisikilize ile kelele yenyewe. Kwa mtu wa historia, butoni chafu ni hati. Inaonyesha namna wazee wetu walivyosikiliza dunia, na hati hiyo tunaifuta kila siku kwa chupa ya essence ya barabarani.

Tuanze na chombo. Ndani ya butoni ya sauti kuna potensiometa. Ni kitu chepesi: utepe wa kaboni uliozungushwa kama pete iliyokatwa, na kijiulimi cha chuma kinachotembea juu yake kila unapozungusha. Kijiulimi kikigusa vizuri, sauti inapita. Kikikuta vumbi, mafuta ya moshi, ao fasi ambapo kaboni imekwanguka, mguso unakatika na kurudi mara nyingi kwa sekunde moja, na spika inatupigia kila mkatiko. Na huku kwetu sababu za uchafu hazikosekani. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, mji wa baridi na ukungu. Beni iko chini zaidi, na joto na unyevu wa msitu. Mvua ni karibu mwaka mzima, na wiki ambayo mvua inakosa, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya sahani. Ongeza moshi wa jikoni, juu redio nyingi zilikaa karibu na moto, fasi familia inakutana mangaribi.

Nimefungua posti nne za namna hiyo, zote za transista, zote kutoka nyumba za ukoo na majirani. Kabla ya kusafisha nilitazama fasi gani imelika. Kwenye zote nne, kaboni ilikuwa imekwanguka upande wa sauti ya chini, karibu na mwanzo wa mzunguko. Upande wa sauti kubwa ulikuwa kama mpya.

Najua mwanafunzi wa elektroniki atanikatiza hapa, na ana haki. Kwenye posti nyingi za aina hii, swichi ya kuwasha na kuzima imeunganishwa na butoni hiyo hiyo. Kila unapozima, kijiulimi kinapita kwenye sehemu ya chini, upende usipende. Kwa hiyo sehemu hiyo italika kwanza hata Ulaya. Lakini upande wa juu kubaki mpya namna ile kunadai maelezo mengine, na maelezo yenyewe ni mapile. Butembo iliishi miaka mingi ikiwa mji mkubwa usio na umeme wa taifa, ni grupe za watu binafsi tu. Kwenye vijiji vya kandokando, redio ilikuwa inakula mapile makubwa, manne ao sita kwa mara moja, na yalinunuliwa kwa pesa ya kahawa ao ya maharagi. Saketi za kutoa sauti za transista nyingi zinakula umeme kadiri sauti inavyopanda. Mama aliyesema "shusha redio, mapile itaisha" alikuwa anasema fizikia ya kweli kabisa, ingawa hakuna aliyempa diploma.

Swali la mapile ni la zamani kuliko transista. Mwaka 1949, kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, afisa wa habari Harry Franklin alishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei ya chini kwa Waafrika. Ilikuwa ya lampu nne, ndani ya bati la aluminiamu kama sufuria, na jina likabaki hivyo hivyo, Saucepan Special. Iliuzwa pauni 5, na betri yake iliweza kwenda kama saa 300. Upande wetu, Radio Congo Belge ilikuwa imeanza Léopoldville mwaka 1940, na mwaka 1949 ikawa na vipindi vya pekee kwa Waafrika, Kiswahili kikiwa kati ya lugha zake. Wakubwa wa ukoloni walitaka Mwafrika asikilize. Walitaka pia wao wachague anachosikiliza, na hapo ndipo butoni ya pili inaingia.

Butoni hiyo ni ya kubadilisha bendi. Kwenye posti za Kifaransa imeandikwa PO na OC, kwenye nyingine MW na SW. Nyuma yake kuna safu ya viguso vidogo vya chuma, mara nyingi vimepakwa fedha, na kila fasi ya butoni inakutanisha viguso vyake. Fedha ina tabia moja ambayo mwanahistoria anapaswa kuijua: isipoguswa, inageuka nyeusi, juu salfa ya hewani na ya moshi inaishika. Kiguso kinachotumika kila siku kinajisugua chenyewe na kubaki kinang'aa, ila kinakuwa chembamba. Kile kisichotumika kinavaa weusi. Kwa hiyo swichi ya bendi inaandika pande mbili: inasema ulitumia nini, na inasema uliacha nini.

Kwenye zile posti nne, PO ilikuwa nyeusi tititi. OC ilikuwa inang'aa, na kwenye mbili kati yake viguso vilikuwa vimelika mpaka shaba inaonekana.

Juu ya nini? Jibu la kwanza ni umbali. Kutoka Kinshasa mpaka Beni ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege. Mawimbi ya kati hayafiki mbali namna hiyo mchana. Mawimbi mafupi yanapanda, yanagonga tabaka la juu la anga, yanarudi chini mbali sana. Hata aliyetaka kusikia serikali yake mwenyewe, kutoka huku alihitaji OC. Lakini ukishaweka OC, hauko tena na sauti moja. BBC ilianza Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Sauti ya Amerika ilifuata 1962, na Deutsche Welle Februari 1963. Kiswahili chetu, ambacho Wakinshasa wengine wanakicheka, kilitupa mlango ambao wao hawakuwa nao. Mkulima wa Lubero ao Kyondo angeweza kusikia habari za Kongo kutoka London katika lugha anayoelewa.

Na serikali ilijua nguvu ya redio. Tarehe 5 Septemba 1960, Kasavubu alitangaza kumfukuza Lumumba kwa njia ya redio, Lumumba naye akaenda redioni kujibu. Siku iliyofuata, Andrew Cordier wa Umoja wa Mataifa aliamuru kituo cha Léopoldville kifungwe. Hakuna aliyegombania ofisi ya posta namna ile. Baadaye chini ya Mobutu, shirika la taifa likaitwa La Voix du Zaïre, na kwa miaka mingi ilikuwa chama kimoja, sauti moja. Mwanzoni mwa piga ya redio moja kati ya zile nne, kwenye kioo, kuna mistari midogo ya kalamu ya bic, mitatu, karibu na mita 31 na mita 25. Mwenye redio aliweka alama ili mangaribi asitafute muda mrefu. Kutafuta kunakula mapile, na kunapiga kelele ambayo jirani anaisikia.

Kuna watakaosema nasoma mambo mengi sana ndani ya kipande cha chuma. Sawa. Lakini mwalimu wetu wa mbinu za historia alituambia tutafute vyanzo ambavyo havikuandikwa ili vidanganye, na sijaona kingine kinachofaa sifa hiyo kama swichi ya bendi.

Swali lingine ni namna posti hizi zilivyofika. Nyingi zilipita Kasindi, kutoka Mombasa na Kampala, mikononi mwa wafanyabiashara wa Kinande. Vwakyanakazi Mukohya aliandika juu ya biashara hiyo isiyo rasmi ya Kivu Kaskazini katika kitabu alichokisimamia Janet MacGaffey mwaka 1991. Kisomeni, kipo kwa Kiingereza, kina maana kubwa kwa mtu wa Butembo.

Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998, Beni na Butembo zikawa chini ya waasi, zimekatwa na Kinshasa. Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilianza, kazi ya MONUC na Fondation Hirondelle, katika Kifaransa na lugha zetu nne za taifa. Okapi na redio za karibu zilikuja kwa FM, sauti safi, hakuna tena kuvizia mita 31. Swichi ya OC ikapumzika, na viguso vyake navyo vikaanza kuwa vyeusi. Posti moja kati ya zile nne ina FM, na ndiyo pekee ambayo OC yake ina weusi mwembamba juu ya ulaji wa zamani: mtu aliitumia sana, kisha akaiacha. Ni kama kusoma tarehe.

Sasa tuje kwenye kusafisha, maana hapa ndipo hati inachomwa. Nimeona vijana wanamimina essence ya kadhafi ndani ya potensiometa. Inakwaruza kidogo kwa siku mbili, halafu inakufa kabisa, juu essence inaondoa grisi ya ndani na inaweza kula plastiki. Tena ni moto unaosubiri cheche. Wengine wanatumia jeli ya mikono iliyobaki toka Ebola na Covid. Jeli ina glisarini na dawa ya kuifanya nzito, vitu hivyo vinabaki juu ya kaboni na kushika vumbi jipya. Klorini ndiyo mbaya zaidi. Wakati wa mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ambao uliisha Juni 2020 baada ya vifo 2,287, nyumba zilipigwa dawa ya klorini ya asilimia 0.5. Kwa ugonjwa ilikuwa lazima. Kwa shaba na fedha ya redio, klorini ni kutu ya kijani.

Fundi anayejua anaanza na picha. Piga picha ya viguso na kaboni mbele ya kugusa kitu, andika fasi iliyolika, alama za kioo, na redio ilitoka kwa nani. Dakika tano. Toa mapile. Kama ni redio ya lampu, chomoa umeme na uhakikishe kondensa kubwa zimemwaga chaji yake, juu zinaweza kubakiza mamia ya volti na kukuua ukiwa umeshazima. Kisha tone dogo la dawa halisi ya kontakti, ao alkoli ya asilimia 90 na zaidi, kwenye tundu lililo karibu na ile miguu mitatu. Zungusha kutoka mwanzo mpaka mwisho mara ishirini, thelathini. Acha ikauke vizuri. Ile kondensa ya sahani za hewa, inayotafuta stesheni, usiipige dawa: brashi laini na pumzi vinatosha. Viguso vyeusi vya fedha usivikwangue kwa msasa, utaondoa fedha yote.

Na kama baada ya hayo bado inakwaruza, pima. Kondensa inayovuja inapitisha umeme wa moja kwa moja kwenye potensiometa, na hapo hata ukiosha mwaka mzima kelele haitaisha. Inabadilishwa kondensa, basi.

Naandika haya kwa haraka kidogo juu ya kaseti. Kwaya, arusi, mahubiri, hotuba za mazishi za miaka ya 1980 na 1990 ziko ndani ya masanduku huku kwetu, na familia nyingine zilikimbia na sanduku moja tu. Ili kuziingiza kwenye simu unahitaji redio-kaseti ya zamani inayofanya kazi. Ndani yake kuna swichi ndefu ya kurekodi na kucheza, yenye viguso vingi kuliko butoni yoyote niliyoitaja. Ikiwa chafu, upande mmoja wa sauti unapotea, ao kelele inafunika maneno. Isafishe kwanza, ujaribu na kaseti isiyo na maana. Na mbele ya kuingiza kaseti ya marehemu, vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili hata mtu akibonyeza vibaya, mashine isiweze kurekodi juu yake.