Malakiti ya Likasi: jiwe lisilopenda moto

Kabla Likasi haijaitwa Jadotville, wahunzi wa Katanga walijua tabia ya malakiti: ukiichoma, rangi ya kijani inakimbia. Jiwe linatoa maji na hewa ya kaboniki, linakuwa jeusi. Moto wa makala ukizidi ndani ya tanuru la udongo wa kichuguu, mukuba mwekundu unatoka. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa misalaba ya mukuba iliyotumika kulipa mahari zamani.

Tarehe 16 Mei 1960, wiki chache kabla ya uhuru wa Kongo, Mmarekani Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza. Leo mwanga huo unachora sura za marehemu juu ya makaburi ya graniti nyeusi: joto linapasua chembe za uso wa jiwe, palipoguswa panabaki weupe. Graniti inavumilia. Malakiti inaungua na kuwa nyeusi, sawasawa na katika tanuru la wazee.

Kwa hiyo malakiti bado ni kazi ya msumeno, msasa na maji. Maji si ya kupoza tu: vumbi lake lina shaba, na ni sumu kifuani. Fundi anayesugua jiwe kavu kwa sababu bomba limekauka anauza afya yake pamoja na kisanduku.

Walioondoka Likasi kwa treni za 1992 na 1993, kama bado wana kipande kabatini, wasikisafishe kwa limao wala siki. Asidi inakula mng'ao. Kitambaa laini chenye unyevu kinatosha.