Maji Yaliyoondoka Ujiji

Mgeni nimpelekaye Ujiji kuona mnara wa Livingstone na Stanley huuliza: ziwa liko wapi? Walipokutana wazungu wale mwaka 1871 maji yalikuwa karibu zaidi. Leo ni mwendo wa miguu kuyafikia.

Sababu iko ng'ambo, Kongo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga. Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani. Mvua zikanyesha, mito ikaleta, pa kutokea hapakuwa. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta ziwa limekula ufuko alioufahamu. Mnamo 1878 kizuizi kikavunjika. Hore, mmisionari wa Kiingereza, aliona mwaka 1879 Lukuga ikienda kasi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10.

Watu nao wakashuka. Wakalima, wakajenga, wakaanika dagaa. Hapo ndipo ninapoingiwa na hofu. Radi tumezizoea sisi wa Kigoma. Maji ya korongo huja kwa kishindo, yakabomoa, yakapita siku hiyo hiyo. Ziwa huja kimya na hukaa. Lilipanda tena hadi mwaka 1964, na mwaka 2024 likaingia majumbani mwa watu wa Gatumba, Burundi.

Mzee aliyeyaona maji ya 1878 hayupo tena. Mnara upo. Ukisimama pale ukatazama kuelekea ziwani, utaona mabati ya nyumba zilizojengwa katikati.